Nta Kwenye Santuri

Wewe umewahi kununua sauti ya mama yako dukani?

Usikimbilie kujibu. Najua utasema sauti ya mama yako unayo bure, kila siku inakupigia simu kukuuliza kama umekula. Una bahati. Mimi wangu sijawahi kumsikia akitamka hata jina langu. Alinyamaza nikiwa sijaanza kutambaa.

Nakusanya santuri. Ukuta mzima wa sebule yangu ni santuri, na wageni hudhani ni yale maradhi ya watu waliosoma wakakosa cha kufanya na akili. Nawaacha wadhani. Ukweli ni kwamba kwa miaka yote hiyo nilikuwa naitafuta moja tu. Hizo nyingine nilizinunua njiani.

Mama alikuwa mwimbaji wa bendi ya dansi. Alirekodi albamu moja. Jioni ya mwisho ya kurekodi, wenzake waliondoka yeye akabaki studio kurudia kipande kimoja. Asubuhi fundi mitambo alimkuta ameketi sakafuni, viganja vimevimba, mashine bado inazunguka. Hakusema neno tena. Hata kalamu hakuweza kuitumia. Akiishika, vidole vinakakamaa kama vya maiti. Madaktari waliandika majina marefu. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba jina refu la ugonjwa mara nyingi maana yake ni "hatujui".

Majirani walikuwa na jina fupi. Pepo.

Aliyemlea yeye, na kunilea mimi, ni Mama Mdogo, ndugu yake wa tumbo moja. Hakuolewa, hakuondoka. Anamwosha, anamvisha, anamlisha kwa kijiko. Mtaa mzima unamwita malaika. Kila kijiko kikikaribia, Mama hufumba macho, na wageni husema, tazama upendo huo.

Jambo lingine. Katika nyumba yetu hakuna chumba chenye kufuli. Mama akisikia kitasa kikikwaruza, anaanza kupiga ukuta kwa viganja, na haachi mpaka mlango uwe wazi wote.

Mwaka huu alianza kukataa chakula. Daktari alinivuta pembeni kwenye korido akaniambia nijiandae. Nikajiandaa kwa namna ninayoijua: nilizunguka maduka yote ya santuri upya. Nilitaka ajisikie. Mara moja tu, kabla hajaenda.

Ndipo Sindano akanipigia.

Sindano ana kiduka chembamba kati ya fundi viatu na fundi miwani, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu hawezi kupita karibu na gramafoni bila kuinama kuikagua sindano yake. Nilifika nikitoka kazini, jua linazama, fundi viatu anakusanya vipande vyake vya soli.

"Profesa," alisema. Mimi si profesa, nimeshamwambia. "Kaa kwanza."

"Sikai. Iko wapi?"

"Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Sasa kaa."

Alitoa jalada jeupe, tupu, lisilo na picha. Ilikuwa nakala ya majaribio, ile ya kwanza kabisa ambayo kiwanda hutoa ili wenyewe waisikilize. Kwenye lebo, kwa wino uliofifia, mtu alikuwa ameandika jina la Mama. Nikakaa.

"Umeitoa wapi?"

"Watoto wa mzee mmoja wameuza vyombo vya marehemu baba yao. Kitanda, vibuyu, mitungi. Na hii."

"Alipenda muziki?"

Sindano alijikuna shingo. "Alikuwa mganga. Na gramafoni hakuwa nayo, Profesa. Niliuliza."

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka. Ndiyo kazi ya shahada, kukufundisha mahali pa kucheka.

Nikaiinamisha chini ya taa kama tufanyavyo sisi. Mistari ilikuwa myeusi, inang'aa, haijawahi kuguswa. Isipokuwa mwishoni, karibu na lebo. Pale palikuwa na kitu cha kijivu kimepakwa kuzunguka, taratibu, kwa kidole cha mtu asiye na haraka.

Ngoja nikueleze, maana kila kitu kiko hapo. Kila santuri inaishia na mduara uliojifunga. Wimbo ukiisha, sindano inaingia humo na kuzunguka palepale mpaka uinyanyue. Hakuna kitu ndani yake, ni tk… tk… tk tu. Sisi wakusanyaji tunausikiliza mduara huo kabla ya kununua, kwa sababu hapo hakuna wimbo wa kuficha ubovu. Na katika santuri hii, mduara huo ndio uliokuwa umezibwa.

"Umeicheza?"

"Hapana."

"Wewe? Wewe unacheza hata santuri iliyopasuka."

"Hii sikuicheza," alisema. Akanikabidhi mfuko kwa ncha za vidole.

Nyumbani Mama Mdogo alikuwa jikoni anakoroga supu.

"Umechelewa, msomi."

"Nimeipata, Mama Mdogo. Albamu ya Mama."

Upawa ulisimama.

"Zile zilikwisha. Nilikwambia zilikwisha zote."

"Hii ilibaki. Nzima kabisa. Ina uchafu kidogo tu pale mwisho, nausafisha sasa hivi."

"Acha," alinong'ona. "Hiyo nta usiitoe."

Nilikuwa sijamwambia kuwa ni nta.

Mtu mwingine angesimama hapo. Asiyekusanya santuri asingeuona hata huo uchafu; angeicheza, wimbo ungeisha, angeirudisha kwenye jalada, na sisi sote tungeendelea na maisha. Lakini mpe mkusanyaji santuri chafu uone kama atalala. Nilichukua maji ya vuguvugu, tone la sabuni na kijiti cha meno. Unafuata mstari, hukati mstari. Nta ilitoka nzima, ndefu, kama uzi.

Ikaja harufu.

Nywele zilizoungua.

Niliinyanyua nta kwenye mwanga. Ndani yake kulikuwa na unywele mmoja mweusi, mrefu, uliolazwa duara kamili. Katika picha za ujana, Mama ana nywele za namna hiyo. Niliitupa kwenye sinki nikanawa mikono, kisha nikanawa tena. Mama Mdogo alikuwa mlangoni ananitazama, upawa mkononi, supu inadondoka sakafuni. Mwanamke ambaye hufuta hata tone la maji hakuangalia chini.

"Ulijuaje kuwa ni nta?"

"Zima hiyo mashine tule."

"Sijaiwasha bado, Mama Mdogo."

Mama alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, shali magotini. Niliweka santuri. Nikashusha sindano kwenye wimbo wa mwisho.

Sitaieleza sauti ile. Ilikuwa pana, yenye kicheko ndani yake, sauti ya mtu anayejua kwamba kesho yake ni nzuri. Mama aliinua kichwa. Midomo yake ikaanza kusogea… neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, bila kukosea hata mahali pamoja. Nilipiga magoti mbele yake.

"Ni wewe, Mama. Unajisikia? Ni wewe."

Machozi yalimtoka. Kwa muda wa wimbo mmoja nilikuwa na mama anayeimba, na ukuta wangu wote ningeutoa kwa hilo. Mama Mdogo alikaa ukingoni mwa kiti karibu na mlango, kama mtu anayesubiri kuitwa hospitalini.

Wimbo ukaisha.

Tk… tk… tk…

Kisha spika zikanyamaza. Santuri ilikuwa inazunguka, sindano iko juu yake, lakini hata ile tk haikusikika. Ile harufu ikarudi.

Na Mama akasema.

Kwa kinywa chake.

"Mdogo wangu, fungua."

Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, inatoka katika kinywa kilichokwisha meno. Santuri ikazunguka mara moja.

"Mdogo wangu, fungua."

"Mama?"

Hakuniona. Alikuwa anautazama mlango. Viganja vyake vilikuwa vimeanza kupiga mikono ya kiti, polepole, kila mzunguko pigo moja.

"Mdogo wangu, fungua."

"Nyanyua sindano," Mama Mdogo alinong'ona. "Nyanyua, mwanangu, nakuomba."

Nikainyanyua.

Mama akakatika katikati ya neno, mdomo wazi. Nilisubiri afunge mdomo. Hakufunga. Nikatazama shali, kisha kifua, kisha nikaweka kidole chini ya pua yake. Hakuna. Midomo ilikuwa inageuka rangi ya majivu.

Nikairudisha sindano.

"…ngua."

Akavuta pumzi.

Hapo nikaelewa nilichonacho. Nina mama anayepumua kwa muda wote sindano inapozunguka, na umeme wa mtaa wetu hukatika ovyo. Na sindano huila santuri. Naijua habari hiyo kuliko mtu yeyote, nimewanyima marafiki santuri zangu kwa sababu hiyo hiyo. Tayari vumbi laini la kijivu lilikuwa linajikusanya kwenye ncha yake. Na sauti ya Mama, kila mzunguko, ilikuwa inaanza kukwaruza.

"Nani alikuwa nje ya mlango wa studio usiku ule?" niliuliza.

"Alipatwa na pepo. Kila mtu anajua."

"Pepo haitwi mdogo wangu."

"Mimi nimemwosha mama yako maisha yangu yote. Nimemlisha. Wewe mwenyewe umeniita malaika."

"Na kila ulipomlisha alifumba macho. Tukasema ni upendo."

Taa ilififia. Santuri ikalegea, na sauti ikavimba, ikawa nzito kama ya mwanaume.

"Mdo…go… wa…ngu…"

Mbavu za Mama zililegea nayo. Mama Mdogo alijifunika uso kwa khanga. Kisha umeme ukarudi, na Mama akalipata neno lake na pumzi yake kwa pamoja.

"Mimi naweza kukaa hapa mpaka asubuhi," nilimwambia. Sikuitambua sauti yangu, ilivyotulia. "Yeye hawezi. Sema."

"Ukisikia utanifukuza."

"Sema, Mama Mdogo."

"Mdogo wangu, fungua."

Mama aligeuza shingo. Aliuacha mlango. Macho yake, ambayo nimeyaona yakifumbwa mbele ya mwanamke huyu tangu nipate akili, yakamwangalia dada yule mdogo, wazi kabisa, bila kupepesa.

Mama Mdogo aliteleza kwenye kiti akakaa sakafuni, miguu ameikunja kama mtoto aliyekosa. Hakuniangalia mimi. Hakukuwa na mimi chumbani humo.

"Nilitaka koo likukauke siku moja tu," alisema. "Uzinduzi wa albamu upite, na mimi wanisikie nikiimba. Yule mzee alinipa nta nipake kwenye kitasa. Akasema nifunge mlango wa studio, nisifungue mpaka unyamaze. Santuri hii ilipotoka nikampelekea pamoja na unywele wako, akaizibia humo sauti yako kwa nta ileile."

"Mdogo wangu, fungua."

"Nilikusikia, dada. Ulipoita nilikusikia. Ulipopiga mlango nilikusikia. Nilikuwa nimesimama palepale, na ufunguo nilikuwa nimeushika mimi."