Nilimtukana Nesi Aliyeyaona Macho ya Mwanangu

Nina miaka ishirini na saba, mama wa mtoto mmoja. Nashona madera na sare za shule kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga hapa Pangani. Siandiki mkasa huu ili mnionee huruma. Huruma yenu kaeni nayo! Naandika kwa sababu nina hasira, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Mwanangu anaitwa Rukia. Nilipojifungua nilikwenda kukaa arobaini nyumbani kwa mavyaa wangu, yaani mama mzazi wa mume wangu Bakari. Dirisha lilizibwa kwa kanga, chumba kikafukizwa udi. Katika kile kigizagiza mwanangu alifumbua macho... Macho makubwa, meusi, yamejaa uso!

Mavyaa aliita wanawake wa mtaa mzima.

"Njooni mwone macho! Haya ndiyo macho ya ukoo wetu, hayakutoka Maramba haya!" alisema, maana Maramba ndiko kwetu. "Mahari ya huyu, mposaji atatajiwa akiwa amekaa kitako, asije akaanguka!"

Kila asubuhi alimpaka wanja ili macho yazidi kupendeza. Nami nilikuwa nimelala pale kitandani, nimevimba kwa sifa.

Arobaini ilipokwisha tukamtoa nje. Jua lilipompiga tu, Rukia alikunja uso na kujificha kifuani mwangu. Kila siku ilikuwa hivyo. Unadhani tulishtuka? Wanawake walipiga vigelegele!

"Ana haya huyu! Hata kukaa hajajua, haya keshazijua!"

Ninyi wa pwani mnajua utamu wa kuambiwa binti yako ana haya. Nililewa. Machozi yalimtiririka kutwa, mavyaa akaniagiza nimkamulie maziwa ya kifua machoni. Nikakamua. Nilikuwa na akili timamu, nimesoma hadi kidato cha nne, na nikakamua!

Alipotimiza miezi mitatu nilimpeleka kliniki kuchanjwa. Nesi wa pale, Naomi, ni mwanamke wa Lushoto, mkimya, aliyeolewa miaka mingi bila kupata mtoto. Mji mzima ulilijua hilo, na mji mzima ulilisema. Alimmulika Rukia kwa tochi ndogo. Mtoto akapiga ukelele kama aliyechomwa moto.

"Mama Rukia, sijayapenda macho ya mtoto," alisema. "Hii sehemu nyeusi ni kubwa mno. Na hapa kuna ukungu, unauona? Mwanga hautaki, machozi hayakatiki... Inaweza kuwa presha ya macho. Nakuandikia barua, uende Tanga kwa daktari wa macho. Uende kesho, usingoje wiki ijayo."

Nilihisi ameingiza mkono mchafu katika kitu changu kizuri kuliko vyote. Kijicho, niliwaza. Hana wake, anataka kuniharibia wangu! Nikasimama mbele ya benchi zima la wanawake.

"Zaa wako umtafutie ugonjwa! Wangu muache!"

Benchi likacheka. Mmoja akanipigia makofi. Nesi Naomi alimaliza kuandika. Aliitia barua ndani ya kadi ya kliniki, akaniwekea mapajani, akamwita mtoto mwingine.

Nyumbani nilimsimulia mavyaa.

"Presha?" akadakia. "Mtoto wa miezi mitatu ana presha ya nini? Ana mke mwenza?"

Tulicheka mpaka tukapigana mapaja. Kisha mavyaa akaichukua ile barua, akaiviringisha kama mrija, akaitumia kumiminia wanja kwenye kichupa. Nilimtazama. Niliona maandishi ya nesi yakichafuka kwa unga mweusi, nikaendelea kucheka...

Bakari naye? Alisema mama yake amelea watoto saba na hakuna aliyekuwa kipofu. Mazungumzo yakaishia hapo.

Rukia alipokuwa na miezi minane, nilikuwa nashona, yeye amekaa mkekani. Kigurudumu cha uzi mwekundu kilianguka, kikabingiria kushoto kwake. Hakugeuka. Nikakisogeza kulia kwake, akanyoosha mkono. Nikakirudisha kushoto... hakuna kitu. Nilimziba jicho la kulia kwa kiganja, mwanangu akaanza kulia na kupapasa hewani.

Nilimbeba mpaka kwenye mlango, penye mwanga. Jicho la kushoto lilikuwa na weupe kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

Mavyaa alijibu upesi: "Si yule nesi? Kijicho chake kimempata mtoto!" Tukaenda kwa mganga karibu na Muheza. Akatupa maji ya majani ya kumtilia machoni. Mwezi mzima nilimtilia! Mtoto akilia nilimshika kwa nguvu zaidi.

Asubuhi moja, nilipoona ule weupe unazidi tu, nilimfunga Rukia mgongoni bila kuaga mtu, nikapanda gari la Tanga. Daktari wa macho hakuchukua muda mrefu. Alinieleza kwamba ndani ya jicho kuna maji, na maji hayo yana njia ya kutokea. Njia ya Rukia ilikuwa imeziba tangu tumboni. Maji yakajaa, yakasukuma, na kwa kuwa jicho la mtoto mchanga bado laini, likatanuka kama puto. Huku nyuma, mshipa wa kuonea ukawa unakufa kidogo kidogo.

"Ukubwa mliokuwa mnausifu ndio ugonjwa wenyewe," alisema. "Hakuna aliyekwambia mapema?"



Tulipelekwa hospitali ya mkoa mwingine. Walimlaza kwa nusukaputi wakampima presha ya macho, kisha wakampasua kuyafungulia maji njia. Jicho la kulia waliliwahi. La kushoto... tulikuwa tumechelewa.

Nilimpigia Bakari simu. "Umempeleka mwanangu kutobolewa macho!" alifoka. Nyuma yake nilimsikia mama yake akimwambia aniache. Akaniacha, kwa simu hiyo hiyo, mtoto akiwa pajani pangu, macho yamefungwa bandeji.

Baada ya mwaka nilikwenda kliniki kumwomba Nesi Naomi radhi. Nilipiga magoti. Hakuniinua.

"Mimi uliniumiza siku moja," alisema. "Mngoje yeye akue, umwombe yeye." Akamwita mtoto mwingine.

Rukia sasa ana miaka minne. Anavaa miwani, anatiwa matone kila siku, anapimwa tena na tena, na itakuwa hivyo maisha yake yote. Ananiuliza kwa nini jicho lake moja limelala.

Enyi kina mama, mtoto wako akiwa na macho makubwa kupita kiasi, yana machozi yasiyokauka, yana ukungu, yanakimbia mwanga... usimsifu! Usimpake, usimkamulie, usimtilie majani. Mpeleke kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Na anayekwambia usilotaka kusikia, usiangalie kama amezaa.

Wiki iliyopita mteja wangu Zuhura alikuja kuchukua dera, amembeba mwanawe wa miezi miwili. Macho makubwa, yanatoka machozi. Jua lilipowapiga, mtoto akazika uso kifuani. Mkasi ulinitoka mkononi. Nikamwambia yote.

Akamtazama Rukia na miwani yake. "Wako kapofuka, sasa wamtafutia mwenzake? Kijicho hicho!" Akaondoka, dera ameliacha.

Nilimfuata nyumbani kwake. Akanifukuza. Kesho yake nikarudi, akanimwagia maji ya vyombo. Leo asubuhi nimerudi tena, nimekuta mlango umefungwa. Jirani yake akaniambia kwa kejeli kwamba Zuhura amepanda gari la Tanga, kwenda kwa daktari wa macho, apate ushahidi wa kuja kunisuta.

Namngoja. Na aje na ngoma, aje na mashoga zake wote, anisute mbele ya mtaa mzima! Kama macho ya mwanawe ni mazima nitatoka kibarazani, nisutwe huku nikicheka.