Gololi Chini ya Kiti

"Mifuko!"

Ndivyo kila asubuhi ilivyoanza nyumbani kwa akina Cazenave, hapa kwetu Colomiers, kusini mwa Ufaransa. Odile, mamake Solène, alikuwa mhandisi wa ndege. Kabla ya kwenda kazini alitoa kila kitu mifukoni na kukiweka mezani, kando ya mabakuli ya kakao: funguo, kalamu, pipi. Kazini kwao mtu haingii karakana ya ndege na kitu mfukoni. Solène, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa akimwiga tangu utotoni. Naye alimwaga vifutio vyake na vipande vya penseli, na kwa kawaida wote wawili walicheka.

Siku hiyo Odile hakucheka. Ilikuwa siku ya pili ya semina ya ndege za kesho, na wataalamu wa nchi nyingi walikuwa wamejaa mjini. Mchana, ndege ndogo ya haidrojeni ambayo Odile na wenzake walikuwa wameihangaikia kwa miaka saba ingeruka mbele yao. Ikiruka, kazi ingeendelea. Isiporuka, wafadhili walikwishasema wanajitoa.

"Si iruke kesho tu, Mama?"

"Kesho autan inaanza kuvuma. Upepo ule unaujua mwenyewe, hata mbwa wanaingiwa na wazimu. Ni leo au basi. Haya, vaa viatu tuondoke."

Solène alivaa viatu. Ndani ya soksi ya kushoto alikuwa amefutika gololi ya chuma.

Gololi hiyo ilikuwa ya Ilan, mwanafunzi mwenzake, mpaka Solène alipomshinda uwanjani mbele ya darasa zima. Tangu hapo Ilan alikuwa akiivizia kama paka anavyovizia samaki. Darasa lao lilikuwa limealikwa karakanani, na Solène alijua kwamba vitu vya wanafunzi wote vingewekwa katika kikapu kimoja mlangoni. Aiache gololi kikapuni, Ilan akiwa pale pale? Thubutu!

Mlangoni alisimama rubani mwenyewe, Anko Maurin. Hakuwa ndugu wa damu, lakini ndiye aliyempakata Solène siku ya ubatizo, na kila Jumapili alikula kwao.

"Mifuko, waheshimiwa!" alisema, akinyoosha kikapu. "Toeni vyote. Hata kamasi, kama mnaweza."

Watoto wakacheka. "Na wewe, mtoto wa bosi? Umemaliza?"

"Nimemaliza, Anko."

Basi akampandisha wa kwanza, akamkalisha kwenye kiti cha rubani. Solène aliinama kutazama pedali. Kitu kikateleza kutoka kwenye soksi yake. Tik. Tik, tik, tik. Kisha kimya.

"Kimeanguka nini?" aliuliza Ilan, aliyekuwa kwenye ngazi nyuma yake.

"Hakuna kitu."

"Wee! Nimesikia."

"Umesikia meno yako. Shuka, zamu yako bado."

Solène akapapasa chini ya kiti. Sakafuni palikuwa na ufa wa upana wa kidole, na kidole chake hakikugusa chochote. Alijiambia kwamba ndege ni kubwa na gololi ni ndogo, itakaa huko huko ilikokwenda. Akashuka, akajiunga na wenzake bila kusema neno.

Kutoka karakanani walipelekwa kwenye ukumbi wa semina, wakakaa viti vya nyuma. Odile alikuwa jukwaani. Alionyesha picha ya nati moja, ndogo kama punje ya maharage.

"Nati hii iliangukia chini ya sakafu ya ndege ya majaribio," alisema. "Ikabingirika, ikakwama kwenye nyaya za usukani. Rubani akavuta, usukani ukagoma. Alikuwa mwenzetu, Étienne Delpuech. Ameacha watoto watatu. Fundi aliyeidondosha alijua imeanguka, ila aliona haya kusema."

Odile aliwatazama watu kabla ya kuendelea.

"Kwetu, aliyekosea akasema hafukuzwi. Aliyekosea akanyamaza, huyo hatuna namna ya kumsaidia, wala ya kumsaidia atakayepanda ndege."

Solène akaikumbuka gololi yake. Mama yake aliposhuka jukwaani, alimkimbilia na kumvuta mkono.

"Mama, nina jambo."

"Baadaye, mwanangu. Wageni wananisubiri."

Na Solène, jamani, akafurahi! Alifurahi kwamba hakusikilizwa. Mtu akifika hapo, ujue woga umemshika pabaya.

Wageni walitoka nje na kujipanga kando ya njia ya kurukia. Anga lilikuwa jeupe, na kwa mbali miti ilikuwa imeanza kutikisika. Ndege ilikuwa tayari, na Anko Maurin alikuwa ndani, amefungwa mikanda. Alimwona Solène, akamwinulia kidole gumba.

Ilan alimsogelea. Safari hii hakuwa na utani.

"Ilikuwa gololi yangu, sivyo?"

Solène akaitikia kwa kichwa.

"Ukisema, hairuki. Mamako..."

"Najua."

"Na usiposema..." Ilan aliangalia ndege.

Mapanga ya ndege yakaanza kuzunguka. Solène aliona kidole gumba kile bado kiko juu, na miguu ikamtoka yenyewe. Alipenya katikati ya wageni, akiwasukuma wenye suti na wenye kamera.

"Mama! Isimamishe! Gololi yangu iko ndani! Imeanguka chini ya kiti!"

Vichwa vyote viligeuka. Mgeni mmoja akacheka. Odile hakucheka, hakuuliza mara mbili, wala hakuwatazama wafadhili. Aliinua redio yake.

"Maurin, zima. Shuka."

Mafundi waling'oa kiti, wakainua sakafu, wakamulika kila pembe. Hawakuona kitu. Saa zikapita. Wageni wakaanza kutazama simu zao.

"Odile," mhandisi mmoja alinong'ona, "huyu ni mtoto, labda amechanganyikiwa. Turuke, watu wanaondoka."

"Hairuki. Itafutwe mpaka ionekane."

Mabasi yaliondoka. Wafadhili walimpa Odile mkono kama watu wanavyopeana mkono msibani. Jua lilikuwa limekaribia kuzama fundi alipotoa mkono wake, umejaa grisi. Gololi ilikuwa imejibana kwenye kapi linalopitisha waya wa usukani.

Hakuna aliyeshangilia. Odile aliketi chini, akajifunika uso. Solène hakuwa amewahi kumwona mama yake akilia.

"Nichape, Mama."

"Sina nguvu ya kumchapa mtu. Miaka saba, Solène. Miaka saba!"

Anko Maurin aliichukua gololi, akamketisha Solène kando yake kwenye ngazi.

"Unaujua ule msemo, mficha maradhi kifo kitamuumbua?"

"Ndiyo, Anko."

"Leo maradhi uliyaficha wewe. Kifo kingeniumbua mimi."

Solène alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Maurin hakumbembeleza upesi. Alimwekea gololi kiganjani.

"Tazama. Hata mimi ninaogopa. Ulichelewa, na kuchelewa kwako kumemuumiza mama yako, sitakudanganya. Ungeniambia pale pale, tungeitoa na bado ningeruka. Lakini mwishowe ulisema mbele ya watu wote, na ni kazi ngumu. Siku nyingine ukikosea, sema kosa likiwa bado kiganjani, kabla halijabingirika."

Wafadhili walijitoa kweli. Autan ilivuma siku nne mfululizo, na ndege ikafunikwa turubai. Imefunikwa mpaka leo, na baadhi ya wenzake Odile wamekwenda kutafuta kazi kwingine. Nyumbani, kwa siku kadhaa, mama na mwana walikula bila kuzungumza.

Jumapili kengele ya mlango ililia. Anko Maurin aliingia, akakaa kwenye kiti chake cha siku zote, Odile akamwekea sahani ya maharage na nyama ya bata. Solène hakuthubutu kuinua macho.

Odile aliutazama mlango, akakitazama kiti kile kilichokaliwa, kisha akamshika binti yake bega.

"Nisikilize, mwanangu. Ndege nimeililia, na nitaililia tena. Lakini ndege tutaunda nyingine. Huyu hapa, hakuna karakana ya kumuunda. Ukiwa na la kusema, hata niwe na wageni mia, nivute mkono mpaka nigeuke. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

"Na mimi," alisema Odile polepole, "sitasema tena baadaye."

Anko Maurin akasukuma sahani yake mbele.

"Basi kama siundiki," alisema, "niongezeeni maharage."