Kombe Nyuma ya Musira

Alhamisi, saa nne asubuhi. Nyanga, Bukoba.

Muharami aliweka ndizi mbivu katikati ya meza.

"Hiki ni kisiwa cha Musira." Akaweka kiberiti pembeni. "Huu ni mji. Hapa kuna klabu ya mashua, watazamaji, na njagu wawili wanaotafuta kivuli." Akachukua buni moja kavu, akaizungusha polepole nyuma ya ndizi. "Hii ni mashua ya Mgoa, bingwa wao. Ikifika hapa, mji hauioni. Kazi tunaimalizia hapa."

Chumba kilinuka rubisi, pombe ya ndizi, iliyochacha. Dirisha lilizibwa kwa gunia la kahawa. Chumba cha mbele, wanywaji wawili walikuwa wakibishana kuhusu Azimio la Arusha, nani atanyang'anywa nini, na kelele zao zilifaa. Zilifunika maneno.

Mezani walikuwa wanne. Muharami, baharia wa meli za ziwani mpaka alipofukuzwa kwa kumchoma mwenzake kisu. Georgina, mwenye nyumba, mwenye pombe, mwenye pikapu ya kubebea ndizi. Mushumbusi, kijana wa Kaagya, aliyecheka hata pasipo na la kuchekesha. Na kaka yake, Buberwa, ambaye hakucheka.

"Kombe lenyewe liko wapi?" Georgina aliuliza. "Kwenye kabati la vioo?"

"Mwambie," Muharami alimwamuru Buberwa. "Wewe ndiye mtu wa klabu."

Buberwa alikohoa. "Siku ya mashindano haliko kabatini. Bingwa wa mwaka jana analibeba mwenyewe, ndani ya sanduku, limefungwa chini ya mlingoti. Akishindwa, analikabidhi palepale majini, mashua kwa mashua, kabla mguu wa mtu haujagusa nchi kavu. Waingereza waliuanzisha mtindo huo kabla sijazaliwa. Walikuwa hawaaminiani."

"Wazungu wameondoka, vituko vyao vimebaki," Georgina alisema. "Na ni fedha kweli?"

"Fedha tupu. Ukilikumbatia, vidole havikutani."

"Na Jumapili hii ndiyo mwisho," Muharami alidakia. "Klabu inafungwa, jengo linakuwa ghala. Kombe linakwenda Dar es Salaam. Si wamesema mali ni ya wananchi? Basi, mimi mwananchi."

Mushumbusi akaangua kicheko.

"Motaboti ya mwamuzi je?" Georgina aliuliza.

"Hufuata mashua ya mwisho," Buberwa alijibu. "Ikikizunguka kisiwa, mtumbwi wenu umeshakuwa mbali."

"Mtumbwi una injini," Muharami alisema. "Tunashuka kusini hadi ufuko wa Muleba. Wewe Georgina unatungoja na pikapu. Juu ya Rubya kuna mhunzi wangu. Jumatatu asubuhi kombe ni donge, na donge halina jina la mtu." Akamtazama Buberwa. "Sasa niambie tena. Mgoa atasimama?"

Buberwa aliitazama ile buni nyuma ya ndizi. Hili ndilo lilikuwa fungu lake katika mchongo ule, na lilikuwa chafu kuliko yote.

"Atasimama. Mtu akipunga kitambaa ziwani, Mzee Noronha husimama. Ndiyo sheria yao ya kwanza. Mtu kwanza, kombe baadaye."

"Vizuri. Mushumbusi atapunga. Unajua kuogelea, wewe?"

"Mimi? Maji yakifika magotini namwita mama!"

Muharami alicheka sana, na macho yake yakabaki kwa Mushumbusi muda mrefu baada ya kicheko kwisha. Buberwa aliliona hilo. Baadaye angelikumbuka.

"Mzee haguswi," Buberwa alisema. "Wala hakuna kubeba chuma."

"Chuma cha nini? Tutampungia kitambaa tu."

Nje, migombani, Buberwa alimshika mdogo wake mkono.

"Tutoke. Leo hii. Twende nyumbani Kaagya."

"Tutoke kwenda wapi, kaka? Muharami amesema anayejua na kukataa habaki hai. Mimi ndiye niliyekuleta. Ataanza na mimi." Kisha akatabasamu, kama zamani alipokuwa akivunja chungu. "Usiogope, waitu. Wewe si upo?"

Ndivyo Buberwa alivyojidanganya wiki mbili nzima: kwamba akiwemo yeye ndani, hakuna atakayekufa. Mama yao, Kokubanza, alikuwa amezika watoto watatu. Waliobaki ni hawa wawili. Jumapili iliyopita alimfungia Buberwa ebitoke, ndizi za kupika, kwenye kikapu, akamwambia neno moja tu: "Mdogo wako. Nirudishie."


Jumapili, saa nane mchana. Ufukweni Bukoba.

Mashua zilikuwa tano. Zamani zilikuwa zikifika ishirini. Bwana Rutashobya, mwamuzi, alisimama kwenye motaboti akiwa na bendera mkononi na kofia mpya kichwani. Kando yake alikaa askari wa forodha, bunduki mapajani, akisinzia. Bendera ikashuka. Matanga yakajaa.

Mashua ya Mzee Noronha iliitwa Immakulata, jina la marehemu mkewe. Mzee alikuwa karani wa mizigo kabla ya kustaafu. Misa ya asubuhi alikuwa amepiga magoti benchi la mbele, na Buberwa, benchi la nyuma, alikuwa ameshindwa kwenda kukomunika.

"Una homa?" Mzee aliuliza, usukani kwapani. "Tangu asubuhi huzungumzi."

"Hapana, Mzee."

"Basi vuta kamba, mwanangu. Tanga linalia."

Buberwa akavuta. Alikuwa na miaka kumi na sita alipoletwa klabu kufagia. Mzee huyu ndiye aliyemtoa kwenye ufagio akamweka kwenye kamba. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya kumfundisha upepo, alimfundisha mkono. Mtu akianguka majini, anayemwona anashusha tanga dogo la mbele, ili mashua nyingine zijue na mashindano yaishe. Kama wako wawili, mmoja anashika usukani, mwingine anasimama na kumnyooshea kidole aliye majini. Hapepesi macho. Hashushi mkono. Kichwa cha mtu ziwani ni kidogo kama nazi, wimbi moja linakimeza. Anayeendesha haoni kitu. Anafuata mkono tu.

"Mlingoti ukikuangukia," Mzee alizoea kusema, "anguka na mkono juu."

Sanduku la kombe lilikuwa miguuni pao. Buberwa hakulitazama.


Saa tisa na robo. Nyuma ya Musira.

Majabali ya kisiwa yaliuficha mji. Mashua nyingine zilikuwa bado upande wa pili. Mbele, mtumbwi ulikuwa ukiyumba, na kijana mmoja amesimama ndani yake akipunga kitambaa chekundu.

Buberwa alikuwa na maneno yake tayari. *Mzee, tazama, wanazama.* Hakuwahi kuyasema. Mzee alikuwa ameshageuza usukani.

"Maskini," alisema. "Andaa kamba."

Walipokaribia, kijana alijifunga kile kitambaa usoni. Muharami aliinuka kutoka chini ya turubai, uso umefungwa gunia. Mkononi alikuwa na bastola.

Chuma.

"Kaeni chini! Mikono kichwani!"

Mushumbusi aliruka ndani ya Immakulata, panga kiunoni. Alikata kamba, akabeba sanduku kifuani, akasimama ukingoni akiyumba. Kazi zake zilikuwa mbili: kuchukua kombe, kisha kukata kamba za tanga ili mashua isiende popote.

"Lete!" Muharami alinguruma.

"Ngoja nikate kwanza..."

"Lete sanduku, mjinga wewe!"

Mushumbusi alilipitisha. Muharami alilipokea kwa mkono mmoja, akaliweka chini, akauegemeza mguu wake kwenye ubavu wa Immakulata na kusukuma. Pengo likafunguka. Mushumbusi, mguu mmoja hewani tayari, akaanguka katikati.

Hakupiga hata ukelele. Maji yalimfunika, yakamtema, yakamfunika tena.

Injini ya mtumbwi ikawaka. Muharami hakugeuka.

Buberwa alibaki ameduwaa, mikono kichwani. Aliyepiga kelele alikuwa Mzee.

"Mtu majini! Tanga la mbele! Shika usukani!"

Mzee Noronha alikuwa ameshasimama. Alikuwa ameibiwa kombe la miaka yake yote, na mwizi mwenyewe alikuwa akizama na kitambaa usoni. Mzee alinyoosha mkono wake mwembamba, akamwelekezea kidole.

Mikono ya Buberwa ilifanya kazi kabla ya kichwa chake. Tanga dogo likashuka. Usukani ukageuka. Kutoka pale alipokaa aliona mawimbi matupu, mawimbi juu ya mawimbi. Akayaacha. Akafuata mkono.

"Kushoto. Kushoto zaidi. Namwona."

Kelele ya injini ilibadilika. Muharami alikuwa amegeuza. Aliliona tanga limeshuka, na baharia yule wa zamani alijua maana yake. Mushumbusi akitolewa majini hai, atasema kila kitu. Muharami hakuweza kumwona mtu mwenyewe katika mawimbi yale. Alichokiona ni mkono.

"Shusha mkono, mzee!" alipiga kelele. "Shusha, nakwambia!"

"Mzee, lala chini!" Buberwa alilia. "Lala!"

"Nyoosha usukani wako," Mzee alijibu. "Yuko hapo mbele."

Risasi ya kwanza ilitoboa tanga. Ya pili ilimpata Mzee chini ya mbavu. Alipiga magoti taratibu, kama kanisani. Mkono ukabaki juu.

"Hapo," alisema. "Sasa."

Buberwa alitumbukiza mikono yote miwili. Alishika nywele, kisha shati, kisha mwili mzima. Alimvuta mdogo wake ndani kama gunia la kahawa mbichi. Mushumbusi alitapika maji, akavuta pumzi, akalia. Kitambaa kilikuwa kimekwenda na ziwa.

Nchani mwa kisiwa tanga jeupe lilichomoza, la pili, kisha motaboti. Muharami aliwaona. Mtumbwi ukageuka kusini na kukimbia.

"Yupo?" Mzee aliuliza.

"Yupo, Mzee. Yumo ndani."

Ndipo mkono ukashuka. Mzee aligeuza kichwa akautazama uso ule uliolowa. Kijana huyo alikuwa amekula mezani kwake Krismasi mbili.

"Huyu ni mdogo wako."

Buberwa aliliziba jeraha la Mzee kwa kiganja.

"Ulijua?"

Angeweza kusema hapana. Mzee asingepata nafasi ya kuuliza tena.

"Nilijua."

Mzee Noronha alimtazama kwa muda. Hapakuwa na hasira machoni mwake, na hilo ndilo lililomuumiza Buberwa. Kisha akayafumba, kama mtu aliyechoka kulitazama jua juu ya maji. Hakuyafumbua tena.


Saa tisa na nusu.

"Kaka. Sikiliza." Mushumbusi alikuwa akitetemeka, akinong'ona kwa Kihaya. "Hakuna aliyeniona. Nilikuwa mashuani tangu mwanzo, umesikia? Nilikuja kukusaidia kamba. Majambazi wametuvamia, wamemuua Mzee, mimi nikaanguka. Basi. Tunakwenda nyumbani kwa Mama."

Mashua mbili zilikuwa zimeshusha matanga ya mbele. Mashindano yalikuwa yamekwisha. Motaboti ilikaribia ikikata mawimbi. Bwana Rutashobya aliiona damu, kofia yake mpya ikaanguka majini bila yeye kujali.

"Nani? Nani amefanya hivi?"

Upande wa kusini, mtumbwi ulikuwa umeshakuwa doa jeusi. Uliibuka, ukazama, ukaibuka. Mbele yake kulikuwa na mitumbwi ya wavuvi, mingi, yote myeusi. Dakika chache tu, ungechanganyika nayo na kupotea.

Buberwa alisimama mahali pale Mzee aliposimama. Alilitafuta lile doa, akaliona. Akanyoosha mkono.

"Ule. Wa nyuma kabisa. Fuateni mkono wangu."

Motaboti ikaruka mbele. Askari alikuwa ameamka kabisa.

"Shusha," Mushumbusi alinong'ona. "Kaka, shusha. Wakimkamata atatutaja. Ni kitanzi hiki."

Mkono haukushuka.

"Utamwambia nini Mama? Alisema unirudishe! Buberwa, alisema unirudishe!"

Akaning'inia kwenye mkono ule kwa mikono miwili, kwa uzito wake wote. Ukacheza, ukarudi palepale. Akampiga kaka yake mgongoni, ngumi baada ya ngumi. Kisha nguvu zikamwisha. Akalaza paji la uso, bado limelowa, kwenye mgongo aliokuwa akiupiga, na kulia kama alivyolia utotoni, bila aibu.

Buberwa hakupepesa macho. Motaboti ilipokosea njia, mwamuzi aligeuka nyuma kuutazama mkono, akasahihisha.

Mlio wa bunduki ulifika baadaye, mdogo, wa mbali. Kisha kimya.


Saa kumi na moja jioni.

Motaboti ilirudi polepole ikiuvuta mtumbwi. Sanduku la kombe lilikuwa miguuni mwa Bwana Rutashobya, limefungwa bado. Muharami aliketi chini, bega lina damu, mikono imefungwa nyuma. Gunia lilikuwa limetoka usoni.

Mashua nne ziliizunguka Immakulata, kimya, matanga yote chini. Mtu mmoja alikuwa amemfunika Mzee kwa koti lake. Buberwa alikuwa amesimama bado, mkono wake mzito kama jiwe, ukiifuata motaboti mpaka ikagusana na Immakulata ubavuni.

"Walikuwa wangapi?" askari aliuliza.

Muharami aliwatazama ndugu wale wawili. Mikono yake ilikuwa imefungwa, hakuweza kunyoosha kidole. Aliwaelekezea kidevu.

"Hao."

Ndipo Buberwa akaushusha mkono, akauweka begani mwa mdogo wake, na kumvuta karibu kabla askari hajavuka kuingia mashuani.