Moshi Ndani ya Nyumba Mpya

Kila asubuhi Siwema alikanda kinyesi cha ng'ombe na pumba za mpunga. Alifinyanga madonge, akayaanika juani. Tangu wahamie kijiji kipya cha ujamaa, karibu na Ziba, kuni zilikuwa mbali. Madonge ndiyo yalikuwa moto wao.

Kipupwe kilipoingia, mama mkwe wake, Ngollo, alisema, "Mzazi na kichanga wasipigwe na baridi. Koka moto ndani, ziba dirisha."

Mwaka jana pia walifanya hivyo. Masolwa, mtoto wa kwanza, akakohoa, akafa. Watu wakanong'ona kuwa karogwa.

Sasa kichanga cha pili, Minza, naye alikohoa. Mbavu zilibonyea akivuta pumzi.

"Mama, huyu naye anakwenda," alisema Siwema. Hakulia. Machozi aliyamaliza kwa Masolwa.

"Ni baridi hiyo. Ongeza donge."

Siwema akaongeza.

Apolinaria, mhudumu wa zahanati, akapiga hodi. Aliingia, akarudi nje akijifuta macho.

"Shikamoo, mama. Humo mnabanika nyama?"

"Marahaba. Tunamkinga mtoto, wewe unaleta mzaha!"

Apolinaria alimtoa Minza nje, akamtazama kifua. Mzaha ukamwisha.

"Mapafu yanaumwa. Twendeni zahanati sasa hivi. Na moshi huu ndio unaomzidishia."

"Moshi?" Ngollo alifoka. "Watoto wangu wote nimewaotesha moto wa samadi! Masele, baba wa huyu, si dume zima?"

"Mlikaa nyumba gani, mama?"

"Msonge wa nyasi."

"Moshi ulitokea wapi?"

"Si ulipenya tu kwenye nyasi..." Ngollo akainua macho. Akatazama bati la mwanawe, na kuta zilizokandikwa hadi juu.

"Hata msongeni moshi uliumiza, mama. Ila huko ulipata pa kutokea. Hapa unaingia kifuani mwa mtoto."

"Basi Masolwa nilimfukiza mimi," alisema Siwema.

"Hukujua, dada."

Neno hilo halikumpunguzia kitu.

Minza alichomwa sindano mpaka kifua kikatulia. Masele alijenga banda la jiko nje, akafungua madirisha. Apolinaria aliwaonya: hata makaa yasiyo na moshi, msiyafungie ndani, hewa yake huua. Mtoto apate joto kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, blanketi juu.

Minza akanenepa. Siwema alimbeba, lakini kucheka hakukumrudia.

Kabla kipupwe hakijaisha, jirani yao alijifungua. Siwema na Ngollo walikwenda kumpongeza. Mlangoni moshi uliwapokea. Siwema alisimama nje, amemkumbatia Minza. Miguu ilikataa kuingia.

Ngollo aliingia. Aling'oa gunia lililoziba dirisha.

"Mama Masele!" alipiga kelele bibi wa nyumba. "Unataka mjukuu wangu afe kwa baridi?"

"Wangu yuko makaburini," alisema Ngollo, "wala hakufa kwa baridi. Toeni moto huu."