Jani Lililooshwa

Mkwezi alikuwa keshafika kileleni mwa mkulo, mti mkubwa wa mlimani. Roboti huyo wa miguu minane alinyoosha mkono mwembamba, akachuma jani, akaliosha kwa maji ya uvuguvugu, akalikausha, kisha akalipima uzito, upana na unene. Akachuma la pili. Mlima Irindi ulijaa Wakwezi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuteleza wala kuomba likizo.

Chini mjini, katika chumba cha uongozi, Daktari Nakijwa hakuweza kukaa wala kusimama. Mchana huo misumeno ingeingia mteremko wa magharibi. Ilisubiri tu idhini ya kidole gumba chake.

"Chekeche," aliiambia akili unde iliyopokea vipimo vyote, "nieleze tena. Mikulo ikatwe kwa nini?"

"Kwa sababu ina pacha," Chekeche ikajibu kwa sauti yake ya mwalimu mvumilivu. "Bondeni kwenye joto, majani ni mapana na laini. Ukipanda kwenye baridi na upepo yanakuwa madogo na magumu, na kazi mbalimbali za miti hupungua. Huko juu mkulo na mchapuko vipimo vyao ni sawa, kwa hiyo kazi yao ni moja. Mchapuko hukua upesi. Mti mzee wa nini?"

Mchapuko ulikuwa mti wa maabara uliotarajiwa kuleta maji upesi, na jiji lilikuwa na kiu. Hesabu hiyohiyo ndiyo iliyoufyeka mteremko wa mashariki miaka kadhaa nyuma, na Nakijwa akavishwa nishani. Haukupita muda, chemchemi ya kijiji cha Ikuzi ikakauka. Watu wakatafuta wa kumlaumu, wakampata Senzota, mume wa Naetwe, mdogo wake Nakijwa. Si ndiye aliyevunja mwamba penye jicho la chemchemi ili ng'ombe wanywe vizuri? Wakamwita mla maji. Wazee waliuliza jiji kama msitu ulihusika. Nakijwa alipima, akatamka: "Msitu hauna hatia." Basi, ikawa imekwisha. Mama yake Senzota alipofariki, waliokuja kuchimba kaburi walihesabika kwa vidole. Sasa kijiji kizima kilikuwa kimehamishiwa maghorofani, na Senzota alishinda dirishani, hasemi na mtu.

Asubuhi hiyo Naetwe alikuwa amepiga simu. "Dada, shemeji yako kakataa hata uji."

"Mwambie ni joto la dunia, mdogo wangu. Si yeye."

"Mwambie wewe! Mimi nimeshachoka kumwambia."

Maneno hayo yalimkereketa tangu hapo. Tangu Wakwezi waletwe hakuwa amekanyaga tena msituni, na leo alitaka kuiona mikulo kwa macho yake kabla hajaiua. Akapanda gari la waya. Kikuku cha sauti mkononi mwake kikalia. Alikuwa Mkurugenzi Mfinanga, msimamizi wa maji ya jiji.

"Daktari, unakwenda wapi? Mlima hauhami huo!"

"Ndiyo maana nauendea mimi, Mkurugenzi."

Juu kulikuwa na ukungu mzito. Nakijwa alisimama chini ya mkulo, na Mkwezi akamwaga maji yake machafu. Yakamdondokea begani. Alipojifuta, kiganjani palibaki vinyweleo vya kijani. Ulikuwa kuvumwani, ule mmea laini kama manyoya uotao juu ya miti. Akainua macho. Loo! Mkulo mzima ulikuwa umevaa kuvumwani, kuanzia shina hadi majani. Pembeni, kwenye kitalu cha majaribio, michapuko ilisimama mitupu, majani yao yakimeremeta kama sahani, na ukungu ukipita zake.

Alibandua konzi moja ya kuvumwani, akaikamua. Maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Chekeche, mvua imenyesha huku karibuni?"

"Hapana. Ni kiangazi."

"Na haya maji?"

"Sijui maji gani. Majani yanayoletwa kwangu ni makavu na safi."

"Nani aliamuru yaoshwe?"

"Wewe. Ulisema jani chafu huidanganya mizani."

Aliikumbuka siku ile, na jinsi alivyojiona hodari kwa usafi wake. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

"Pima bila kuosha," alisema. "Jani na shina, pamoja na kila kilichoota juu yake."

Wakwezi wakachuma upya. Nakijwa alizunguka mti ule, akazunguka tena, huku Mfinanga akifoka kikukuni: "Kidole, Daktari! Watu wana kiu!"

"Si mapacha," Chekeche ikasema mwishowe. "Mkulo hukamata maji ya ukungu na kuyashusha ardhini. Mchapuko hauwezi. Kuvumwani wa namna hii huota kwa muda mrefu kuliko umri wa mtu."

"Umesikia, Mkurugenzi? Kidole sitii. Hayo maji ya watu yananing'inia huku."

Mfinanga alikata simu bila kuaga. Misumeno haikulia. Nakijwa alitaka kufurahi, lakini Chekeche ilikuwa haijamaliza.

"Nisahihishe na hesabu ya mteremko wa mashariki?"

"Sahihisha."

"Tayari. Chemchemi ya Ikuzi ilikauka kwa sababu mikulo ilikatwa. Tamko lako la zamani sasa linapingana na vipimo. Nilifute? Hakuna atakayejua kwamba liliwahi kuwapo."

Ukungu ulimlowesha uso. Akafikiria nishani. Akafikiria dirisha moja ghorofani.

"Liache palepale, na jina langu liwepo," alisema. "Nipigie kwa Senzota."

Simu iliita sana. Hatimaye ikapokelewa, zikasikika pumzi tu.

"Shemeji," Nakijwa alisema, "usikate. Haukuwa mwamba."