Papa wa Mkia Mrefu Havutwi Kinyumenyume

"Shemeji, hivi hao papa mnaowaachia, nani aliwahi kukuambia wanapona?"

Fundi wa injini aliuliza hivyo akiwa mlangoni, mikono imejaa grisi. Mke wa nahodha alikuwa mezani anafunga ndoana, kama kila asubuhi baada ya sala yake.

"Aniambie nani tena?" alijibu. "Mume wangu huwaona wakizama na kwenda zao. Jirani, kazi yako injini. Papa utuachie sisi."

"Haya, nimeuliza tu. Kuuliza siku hizi kuna kodi?" Fundi akacheka, akaenda zake.

Lakini swali lile lilimkaa mama yule kooni kama mwiba.

Mumewe hakuwa mvuvi wa nyavu. Alikuwa na boti ya kukodisha. Watu waliopenda mchezo wa kuvua kwa fimbo walimlipa, naye akawapeleka baharini. Walimtaka papa wa mkia mrefu, yule ambaye mkia wake unakaribia urefu wa mwili wake. Akinaswa huruka juu ya maji, na mteja hupiga kelele kama mtoto. Kisha papa hupigwa picha, akaachiwa.

"Sisi si wauaji," nahodha alipenda kusema.

Mkewe ndiye aliyetengeneza chambo: samaki wa plastiki mwenye ndoana nyuma, wa kuburutwa na boti. Mafundo yake hayakuwahi kufunguka, naye alijivunia. Boti hiyo ndiyo iliyolisha nyumba.

Wiki ile ile fundi alirudi. Safari hii hakutania.

"Shemeji, njoo ufukweni. Mwite na mwenzio."

Mchangani alilala papa, amekufa. Kando yake alisimama afisa wa uvuvi, dada mmoja aliyevaa glavu hadi kwenye viwiko. Mkiani mwa papa alining'inia samaki wa plastiki.

"Hili fundo ni langu," mama alisema polepole.

"Huyu ni yule wa Mkandarasi, mteja wetu mkubwa!" nahodha alishangaa. "Tulivutana naye kutwa nzima. Lakini tulikata mshipi, tukamwachia mzima. Nilimwona kwa macho yangu akienda."

"Alikwenda, kaka," afisa alisema, "akafia chini."

Akampasua tumbo kwa kisu. Ndani mlikuwa na watoto wawili waliokamilika, mikia yao mirefu imekunjwa.

"Ee Mungu wangu," mama alisema. "Kumbe alikuwa na mimba."

"Huyu hatagi mayai maelfu kama samaki wengine," afisa alieleza. "Huzaa watoto wachache tu, wawili au wanne. Tena hukaa miaka mingi kabla ya kuanza kuzaa. Akifa mama mmoja, pengo lake halizibiki upesi."

"Lakini amekufaje? Ndoana iko mkiani, si moyoni."

"Hapo ndipo penyewe, mama. Papa huyu hupumua akiogelea kwenda mbele. Maji huingia mdomoni, yakatokea kwenye mianya hii ubavuni mwa kichwa. Na akiwinda, huwachapa samaki kwa mkia kwanza. Wakizubaa, ndipo huwala. Sasa nyinyi mnaburuta chambo, anakichapa, ndoana inanasa mkia. Mnamvuta kinyumenyume mpaka anaishiwa pumzi."

"Ni kama umshike mtu miguu, umburute majini kichwa chini," fundi alisema, "halafu umwambie nenda, nimekusamehe."

"Fundi, leo nyamaza," nahodha alimkatiza.

"Mwache aseme," mkewe alisema. "Dada, tufanyeje?"

"Acheni kuburuta chambo. Zimeni injini, mteremshe samaki halisi kwenye ndoana ya duara, ile yenye ncha iliyoinama kwa ndani. Hiyo hunasa pembeni mwa mdomo, kwa hiyo papa anavutwa akitazama mbele. Tumieni mshipi imara ili mvutano uwe mfupi. Msimpandishe botini. Mtoeni ndoana akiwa majini, au mkate mshipi karibu nayo. Akinaswa mkia, kateni hapo hapo. Na msimu wa kuzaa, lile hori, ule mkono wa bahari wenye kina kifupi, liacheni. Watoto hukulia humo."

Nyumbani, nahodha alikuwa mzito.

"Wateja watatukimbia. Mkandarasi hataki kingine ila kuburuta. Nifungie kama zamani."

"Sifungi. Tangu unioe sijakunyima kitu, Baba Watoto. Hili nakunyima. Siwezi kumwomba Mungu atulindie watoto wetu, kisha nikafunga ndoana ya kuua wa mwenzangu."

"Mwenzako papa?"

"Ni mama, au siye?"

Nahodha alijizuia, akashindwa, akacheka. Kicheko kile kikaregeza moyo wake.

Safari ya kwanza ya ndoana mpya, mkewe alikwenda naye. Mteja alikuwa muuguzi. Papa alinaswa pembeni mwa mdomo, akaruka, na muda si mrefu alikuwa ubavuni mwa boti. Nahodha aliinama, akamtoa ndoana. Papa aliondoka kwa nguvu, akawamwagia maji kwa mkia.

"Ametushukuru!" muuguzi alisema.

"Ametutukana," nahodha alijibu, "lakini ana haki."

Msimu ulipita bila mzoga ufukweni. Afisa alileta habari kwamba papa wadogo wameonekana horini. Wateja wengine walihama, wengine walikuja kwa sababu hiyo hiyo. Mama alimshukuru Mungu kila alfajiri, wala hakumsahau jirani yake.

"Mungu akulipe, fundi. Swali lako liliniuma, ila ndilo lililotuamsha."

"Kabla hajanilipa, nipe chai."

Siku moja Mkandarasi aliingia sebuleni. Aliweka samaki wa plastiki mezani.

"Nahodha, kesho nipeleke horini. Nasikia wamejaa."

Hawakuwa na mteja mkubwa kuliko huyu. Mama alimtazama mumewe.

"Mzee, fadhila zako hatuzisahau," nahodha alisema. "Chumba hiki kimejengwa kwa safari zako. Tunakushukuru sana. Lakini horini hatuendi, na hiki hatukiburuti tena."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Yule uliyemnasa mara ya mwisho alikufa, na watoto wawili tumboni. Tulimwua sote: wewe kwa fimbo, mimi kwa boti, mke wangu kwa fundo. Niliogopa kukuambia."

Mkandarasi alichukua ndoana moja ya duara pale mezani, akaipapasa ncha kwa kidole gumba, akaitia mfukoni. Samaki wake wa plastiki alimwacha pale pale. Akainuka, akatoka nje.