Vibati Vilivyorudi Vimelowa

Ilibaki nusu saa kabla ya mpaka kufungwa, na Kamikazi alikuwa bado kando ya ziwa na sakoshi mbili begani, akipanga maneno ya kumwambia shemeji yake.

Shemeji Mudathiru ndiye aliyewaahidi. Siku tatu za mapumziko ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, kwenye mchanga wa ziwa, ili mkewe Cansilde apumzishe mimba yake ya miezi saba. Alisema atawapeleka na gari. Asubuhi ya safari, Agosti ile ya 1999, gari likawa na kazi mjini Sake. Basi dada wawili wakatoka Goma kwa miguu, wakapita Petite Barrière, kivuko cha watembea kwa miguu, pamoja na wauza nyanya.

Wenye magari hupita kwenye barrière kubwa na karatasi zao. Mtembea kwa miguu huacha kitambulisho dirishani na kupewa kibati chenye namba. Akirudi anatoa kibati, anarudishiwa kitambulisho. Askari hatazami uso. Anatazama namba.

Vibati vyote viwili Cansilde alivifunga kwenye pindo la kitenge chake.

"Mi siwezi tena," alisema Cansilde jioni hiyo ya kurudi, akiegemea ukuta wa nyumba ya watu. "Miguu imevimba."

"Uambie bwana yako," Kamikazi alijibu. "Mutu wa magari."

Cansilde alicheka kidogo, kisha akafumba macho kwa maumivu.

Ndipo gari likasimama.

Hawakusikia injini. Lilikuwa la buluu, la zamani, vioo vimejaa ukungu kwa ndani. Harufu ndiyo iliyotangulia... matope, na samaki waliolala. Dereva hakugeuka. Kwenye kiti cha nyuma alikaa mwanamke, nywele zimemganda usoni kama aliyetoka majini sasa hivi.

"Cansilde," alinong'ona. "Panda. Iko nafasi ya mumoja."

Hakuna aliyemtajia jina.

Kamikazi alimshika dada yake mkono. Cansilde akajinasua. Alisema ni mpaka barrière tu, atamsubiri dirishani, na kwamba mtoto aliye tumboni hajui hasira za mtu. Hapo siku tatu za kubeba mizigo zikampanda Kamikazi kooni.

"Basi nenda. Nenda na yeyote mwenye gari."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyompa.

Gari liliondoka polepole. Lilipofika kwenye kona halikufuata barabara. Likashuka mchangani, nyuma ya miti. Kamikazi alitupa sakoshi akakimbia. Alikuta alama za magurudumu, mbichi, zimenyooka.

Ziliishia majini.

Ziwa lilikuwa limetulia. Hata povu halikuwapo. Aliita jina la dada yake mpaka sauti ikakauka, kisha akakimbilia barrière kutafuta watu.

Dirishani, Sebagabo, askari wa vitambulisho, alikuwa anafunga daftari. Alimsikiliza, akamuuliza namba zao. Kumi na saba na kumi na nane. Akafungua sanduku. Vitambulisho havikuwamo. Vibati viwili vilikuwa mezani, na maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye vibati hivyo mpaka ukingoni... tone... tone...

"Mumeshapita," alisema Sebagabo. "Wawili. Mumoja na mimba. Mwingine..." Akamtazama. Akamtazama tena. "Mwingine ulikuwa wewe."

Kamikazi aligeukia upande wa Goma. Gari la Mudathiru lilikuwa limesimama pale, taa zikiwaka. Siku tatu hakuja. Leo amekuja! Alikuwa anamfungulia mkewe mlango, na nyuma yake alisimama msichana aliyevaa gauni la njano. Gauni lile lile alilokuwa amevaa Kamikazi.

Alimwita shemeji yake kwa nguvu zote zilizobaki. Mudathiru akageuka. Msichana naye akageuka, taratibu, akamwekea Mudathiru mkono begani na kumnong'oneza.

Mudathiru akacheka, kama watu wanavyowacheka wendawazimu wa mpakani. Akafunga mlango.

Bila kitambulisho huvuki. Sasa ni miezi mitatu Kamikazi anaishi Rugerero, jirani na Gisenyi, kwa Nyirasafari, mama anayepeleka viazi Goma kila siku. Nyirasafari anasema huenda ni mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini huku kwetu. Ukiivuta, akili inapotea, unaona visivyokuwapo. Na vitambulisho, anasema, viliibiwa na wezi wa kawaida.

Huenda.

Lakini ni yeye huyo aliyetumwa kwa mama yake Kamikazi, na mama akamjibu kwa ukali kwamba binti yake yuko nyumbani, amekaa hapo, aache utani. Cansilde naye amejifungua. Mtoto halii. Na mikeka ya nyumba ile, anasema Nyirasafari, haikauki hata ianikwe juani kutwa.

Jumatatu Nyirasafari alirudi kutoka Goma. Alikaa bila kutua kapu.

"Yule wa kule, mwenye sura yako, anakusalimia," alinong'ona. "Anasema Jumapili analeta mama yako huku aone ziwa. Anasema usiwe na wasiwasi na miguu ya mama. Gari iko."

Kamikazi hakulia. Alishuka mpaka kwenye ile kona gari lilikoachia barabara, akaanza kubeba mawe, moja moja, akayapanga kati ya barabara na mchanga, huku akimtukana Mudathiru, na gari lake, na mdomo wake mwenyewe. Amefanya hivyo kila siku wiki hii. Vidole vimechubuka.

Na kila asubuhi anayakuta mawe yamesogezwa pembeni, yamelowa, yamepangwa vizuri huku na huku, kama njia iliyofagiliwa mgeni.

Jumapili ni kesho.